Undertaker amekufa mara ngapi? Hesabu, shingo na jeneza

SWALI: Nina banda la video hapa Mikindani. Jumamosi tukiweka mieleka watu wanajaa mpaka mlangoni, na ubishi ni uleule: wapo wanaoapa kwamba Undertaker, yule mwanamieleka wa Marekani, alikufa mara saba akafufuka, na wapo wanaosema yote ni maigizo, hakuna anayeumia. Kuna kreti ya soda imewekwa dau. Halafu vijana wangu wanataka kufanya onyesho lao ufukweni, msimu wa korosho ukifunguka na watu wakiwa na hela. Wamekwisha kuongea na fundi seremala awatengenezee jeneza, na wanataka kupiga Tombstone, lile pigo la kumshusha mtu kichwa chini, kama yeye. Inapigwaje bila kuumizana?

JIBU: Nianze na kreti ya soda, maana naona ndiyo inayowaka zaidi.

Mark William Calaway, aliyezaliwa Houston, Texas, tarehe 24 Machi 1965, yu hai. Hajawahi kufa hata mara moja. Aliyekuwa akifa ni Undertaker, na hao ni watu wawili ndani ya mwili mmoja. Ninyi wa Mtwara hamhitaji kufundishwa jambo hili na Mmarekani. Lipiko linapotoka kwenye ngoma ya Kimakonde, aliye nyuma ya sura ile ya mti ni mtu wa kijijini, pengine jirani aliyekuazima jembe juzi. Lakini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ambao hawajatoka jandoni waliachwa waamini kwamba mzimu umekuja, na waliojua walifunga midomo. Mieleka ya Marekani iliishi kwa kanuni hiyohiyo miaka mingi, na Calaway aliishika kuliko karibu wenzake wote: hata nje ya ulingo alivaa nyeusi, na mahojiano ya kucheka cheka hakuyataka. Watazamaji walikuja kumsikia akiongea kwa urefu kama Mark mwishoni mwa kazi yake, hasa mwaka 2020, ulipotoka mfululizo wa filamu kuhusu miaka yake ya mwisho.

Sasa hesabu yenyewe. Nahesabu maonyesho makubwa tu, pale alipofungiwa ndani ya jeneza au kufukiwa, kisha akapotea.

Mara ya kwanza ni onyesho la Royal Rumble, Januari 1994, dhidi ya Yokozuna. Jeneza lilichongwa kubwa kupita kiasi, maana Yokozuna hakuwa mtu wa kuenea kwenye la kawaida. Kundi la wanamieleka likaingia kumsaidia Yokozuna, wakamtumbukiza Undertaker na kufunga kifuniko. Akarudi Agosti mwaka huohuo, SummerSlam, Chicago, kupambana na Undertaker wa bandia. Ya pili ni Oktoba 1996, Indianapolis. Pambano la kuzikwa hai lilikuwa limekwisha na Undertaker alikuwa ameshinda kwa kumfukia mpinzani wake Mankind, ndipo akavamiwa na kufukiwa yeye. Mwezi uliofuata alikuwa New York, mzima. Ya tatu, Januari 1998, Kane, ndugu yake wa maigizo, alilifunga jeneza na kulichoma moto. Baadaye ikaonyeshwa kwamba lilikuwa tupu. Ya nne, Novemba 2003, alifukiwa kwenye pambano lake na Vince McMahon, bosi wa kampuni, aliyesaidiwa na Kane, na akarudi Machi 2004 kwenye WrestleMania XX, onyesho kubwa kuliko yote ya mwaka. Ya tano, Oktoba 2005, Randy Orton na baba yake Bob walimtia jenezani wakalichoma. Ya sita, Oktoba 2010, alizikwa na Kane akisaidiwa na kundi la Nexus, akaonekana tena Februari 2011.

Hizo ni sita. Ya saba ni tarehe 22 Novemba 2020, kwenye Survivor Series, miaka 30 kamili tangu usiku alipoonekana mara ya kwanza. Alisimama peke yake ulingoni akatangaza kwamba wakati umefika wa kumwacha Undertaker apumzike kwa amani. Kwa hiyo anayesema saba hajakosea sana, ila ya mwisho haina ufufuo. Anayesema ni maigizo naye ana haki yake, kwa nusu. Kreti ni ya chupa nyingi, gawaneni.

Kinachonivutia mimi si idadi, ni kilichokuwa kinaendelea nyuma ya makaburi hayo. Mwaka 1994 mgongo wake ulikuwa mbovu na alihitaji kupumzika miezi. Mwaka 2010 bega lilikuwa linahitaji upasuaji. Mfanyakazi wa kawaida huandika barua ya ruhusa ya ugonjwa. Yeye alizikwa. Vifo vingine vilikuwa vya kubadili sura: ule wa 2003 ulimwondoa Undertaker wa pikipiki, aliyekuwepo tangu 2000, ili arudi yule mwenye kofia na koti refu ambaye watu walimmisi.

Nusu ya pili ya ubishi ni hii: kama ni maigizo, mgongo uliharibikaje?

Mshindi hupangwa, hilo halina siri tena. Lakini sakafu haipangwi. Ulingo wa WWE, kampuni yake ya mieleka, una karibu mita 6 kila upande. Chini kuna fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao tabaka jembamba la povu, halafu turubai iliyovutwa. Mle ndani hakuna godoro. Mtu wa urefu uliotangazwa wa sentimita 208 na uzito wa kilo 140 hivi akidondoshwa chali juu ya mbao usiku baada ya usiku, mgongo hauulizi nani alipangiwa kushinda. Tazama tena Hell in a Cell, lile pambano la kizimba cha wavu, ya tarehe 28 Juni 1998, Pittsburgh, ambayo bila shaka unayo bandani. Mankind, yaani Mick Foley, alitupwa kutoka juu ya kizimba, kama mita 5, akaangukia meza ya watangazaji. Hilo lilipangwa. Akapanda tena. Undertaker akamnyanyua kwa chokeslam, pigo la kumshika mtu kooni na kumshusha chali, juu ya paa la kizimba, na kipande cha wavu kikaachia. Hilo halikupangwa. Foley alidondoka mpaka ulingoni, kiti kikamfuata na kumpiga usoni, jino likang'oka. Wengi hawamtazami Undertaker usiku ule, nao wanakosa kitu: mguu wake mwenyewe ulikuwa umevunjika, na alikuwa anatembea juu ya nyavu.

Au ile ya Februari 2010, St. Louis. Fataki za kuingilia zililipuka zikamuunguza kifua na shingo kabla hata hajafika ulingoni. Alipigana hivyohivyo. Mwaka uliotangulia, WrestleMania 25, aliruka juu ya kamba kumfuata Shawn Michaels nje. Aliyevaa kama mpiga picha alipaswa kumdaka, hakumdaka sawasawa, na mzee akashuka kwa kichwa. Wakaendelea, na pambano lile wengi wanalihesabu kuwa bora kuliko yote aliyopigana. Rudisha nyuma pale anapotua, uone shingo inavyokunjika. Mtu anayesema hakuna anayeumia, mwonyeshe sekunde hiyo moja.

Kazi yake nzima naweza kuipitisha haraka, maana vijana wako wanaijua. Alianza mwaka 1987 kwao Texas, akapita kampuni ya WCW kwa jina la Mean Mark, na tarehe 22 Novemba 1990 akatokea WWF, ndiyo WWE kwa jina la zamani, Hartford, akiwa upande wa Ted DiBiase. Jina lenyewe lina maana ya mtu anayefanya kazi ya kuandaa maiti na mazishi. Mwaka uliofuata akapewa meneja, Paul Bearer, mnene mwenye sauti ya kulia na chungu cha majivu mkononi. Utani mzuri ni kwamba Bearer, William Moody kwa jina halisi, ndiye aliyekuwa amesomea kazi ya mazishi kweli. Kufikia Novemba 1991 Undertaker alishampiga Hulk Hogan na kuchukua mkanda. Mkanda mkubwa wa WWE aliushika mara 4 na ule wa World Heavyweight mara 3, idadi ndogo ukimlinganisha na John Cena. Mikanda haikuwa kipimo chake.

Kipimo chake kilikuwa WrestleMania. Kuanzia 1991, alipompiga Jimmy Snuka siku yake ya kuzaliwa, hadi 2013 alishinda mara 21 bila kufungwa. Miaka hiyo ni 23. Miwili hakupigana: 1994 kwa mgongo ule niliousema, na 2000 kwa majeraha. Hakuna aliyekaa mezani mwaka 1991 akapanga mara 21. Ushindi mmoja, wa 1993 dhidi ya Giant Gonzalez, ulikuwa wa mpinzani kuondolewa kwa kuvunja sheria, pambano bovu kwelikweli. Hesabu ilikua yenyewe, watu wakaigundua imekwisha kuwa ndefu, na tangu hapo ikawa na thamani kuliko mkanda. Ndiyo sababu tarehe 6 Aprili 2014, New Orleans, Brock Lesnar alipomlaza kwa hesabu ya tatu, uwanja wa watu zaidi ya 75,000 kwa hesabu ya WWE ulinyamaza kama msibani. Usiku ule Calaway alipata mtikisiko mkubwa wa ubongo, na amesema siku ile haikumbuki. Ukiangalia pambano lenyewe ukijua hilo, utaona mtu anayefanya kazi kwa mazoea ya mwili tu.

Alipaswa kuacha mapema zaidi, huo ni msimamo wangu. Mwaka 2017 Roman Reigns alimfunga, akaacha glavu, koti na kofia katikati ya ulingo, nyonga zikiwa zimekwisha. Hapo palikuwa mahali pazuri pa kuishia. Akafanyiwa upasuaji, akarudi. Juni 2019, Jeddah, kwenye joto, yeye na Goldberg nusura wavunjane shingo. Goldberg alikuwa amejigonga kichwa mapema, nguvu zikamwishia, na alipomnyanyua Undertaker hakuweza kumdhibiti, akamshusha karibu na utosi. Walikuwa watu wawili wenye uzoefu wa miongo, kwenye ulingo wa kweli, na daktari yuko pembeni. Vijana wako waitazame hiyo kabla sijaendelea. Bahati ni kwamba pambano lake la mwisho, na AJ Styles mwaka 2020, lilirekodiwa makaburini bila watazamaji, likahaririwa kama sinema, na likampa mwisho wa heshima: kwenye WrestleMania ushindi 25, kufungwa mara 2.

Sasa Tombstone.

Anayepigwa hubebwa kichwa chini miguu juu, tumbo kwa tumbo na mpigaji. Mpigaji hufunga mikono kuzunguka kiuno chake. Anayepigwa naye hushika, na hapa ndipo siri ilipo: hukumbatia mapaja au kiuno cha mpigaji na kujivuta juu, ili utosi ubaki juu ya usawa wa magoti ya mpigaji, katikati ya mapaja yake. Mpigaji hushuka kwa magoti. Magoti na mifupa ya mbele ya miguu hugonga turubai kwanza, na kichwa kinabaki hewani, sentimita chache tu. Mnachokiona kama kichwa kimegonga ni magoti yaliyogonga. Kwa hiyo anayeumia kila siku, pole pole, ni mpigaji. Ndipo mtajua zile nyonga zilikwendaje.

Inaharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni jasho: mikono ikiteleza sentimita tano tu, utosi umeshafika chini ya magoti, na uzito wa watu wawili unashukia shingo moja. Ya pili ni mpigaji kukalia makalio badala ya kupiga magoti. Agosti 1997 Owen Hart alimpiga Steve Austin namna hiyo kwenye SummerSlam. Ukishuka kwa makalio, kichwa cha mwenzako kinafika chini pamoja nawe au kabla yako. Austin alilala pale kwa muda hawezi kusogeza mikono wala miguu, na shingo ile ndiyo iliyoifupisha kazi yake. Baadaye WWE ikaizuia aina hii ya pigo, ikawaachia wachache wanaoaminika, Undertaker na Kane mbele yao. Ya tatu ni urefu. Undertaker alikuwa mrefu kuliko karibu kila mtu, nafasi ya kichwa kuning'inia bila kugusa ilikuwepo. Vijana wawili wanaolingana kimo hawana nafasi hiyo.

Na mchanga, ambao najua wanaudhani ni godoro? Mbao za ulingo zinanepa kidogo, zinapokea sehemu ya kishindo. Mchanga wa pwani maji yakiwa yamekupwa ni mgumu kama sakafu ya saruji. Ule mkavu wa juu ni mbaya zaidi kwa pigo hili, maana magoti yanazama kwa kiasi usichokijua, na kichwa kikigusa kinashikwa palepale huku mwili ukiendelea kushuka. Hata ukiwa na godoro, shida ni ileile: goti linazama. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba wasiipige. Wala mazoezini, wala kwa mzaha.

Wapige chokeslam, tena baada ya kujifunza kuanguka. Pigo hili anayelifanya ni anayepigwa. Mkono wa mpigaji unakaa chini ya koo, kwenye mifupa ya kifua, haukabi. Anayepigwa anaushika mkono huo kwa mkono mmoja, mwingine anauweka begani kwa mpigaji, wanahesabu pamoja kimyakimya, kisha anaruka mwenyewe. Mpigaji anamwongoza na kumshusha chali. Asiporuka hainyanyuki. Akiruka kabla ya mwenzake, anatua vibaya.

Kuanguka chali kunafundishika kwa wiki chache. Tafuteni magodoro mawili ya inchi 6, yafungwe kamba yasiachane katikati, juu mvute turubai, na chini pawe tambarare, pasiwe na vifuu wala mizizi. Mtu aanze akiwa amechuchumaa. Kidevu kifuani: abane leso kati ya kidevu na kifua, ikidondoka zoezi halihesabiki. Mikono iende pembeni, nusu ya njia kati ya kiuno na mabega, viganja chini, vipige turubai wakati uleule mgongo wa juu unapogusa. Atoe pumzi anapotua. Makosa ni mawili yanayojirudia: kutanguliza kiwiko au kiganja nyuma kwa woga, hapo mkono unavunjika, na kuinua kidevu ili aone anakoangukia, hapo kisogo kinagonga. Ishirini za kuchuchumaa bila kosa, ndipo nusu kusimama, ndipo kusimama. Anayesikia kichefuchefu, kuona vitu viwili viwili, au ganzi vidoleni ameacha kwa siku hiyo na anapelekwa hospitali.

Na likitokea la shingo, msimnyanyue. Najua desturi yetu: watu kumi wanakimbilia, mmoja anashika kwapa, mwingine miguu, anapakizwa bodaboda katikati ya wawili mpaka hospitali ya Ligula. Shingo iliyovunjika bila kukata uti wa mgongo, uti huo unaweza kukatwa hapo. Alale palipo, mmoja akae kichwani amshike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, na aletewe gari lenye nafasi ya kumlaza juu ya ubao mpana.

Kamba za ulingo wa WWE ni kamba za kweli zilizozungushiwa utepe, zimefungwa kwenye nguzo za chuma. Nakuambia hili kwa sababu najua kuna mmoja anayetaka kutembea juu ya kamba kama Undertaker. Pigo lile alilirithi kwa mwalimu wake, Don Jardine, na mkono wa mpinzani anaoushika si wa kumtesa, ndio fimbo yake ya kusimamia. Kamba ya katani iliyofungwa kwenye minazi miwili inalegea katikati. Ataanguka, na ataanguka amepanua miguu.

Jeneza lake fundi na alitengeneze, onyesho litapendeza. Kwenye pambano lile la Januari 1998, kabla Kane hajachoma chochote, Shawn Michaels alirushwa nje na mgongo wake ukagonga ukingo wa jeneza. Pingili za mgongo zikaharibika. Alipigana pambano moja kubwa Machi mwaka huo, kisha akakaa nje zaidi ya miaka minne. Kwa hiyo mwambie fundi kingo zote zifungwe sponji na kitambaa cheusi, jeneza likae mita 2 mbali na magodoro, na mtu aingizwe kwa kuwekwa, asirushwe. Mbao za chini ziachane kidole kimoja ili hewa ipite. Kifuniko kiwe na bawaba upande mmoja tu, bila kitasa wala kufuli, na aliye ndani aweze kukisukuma kwa goti. Moto usiwepo kabisa. Akitaka kuonekana amepotea, upande wa nyuma uwe pazia badala ya ubao. Taa zikizimwa sekunde kumi anatambaa kwenda nyuma ya banda, na kengele ikigonga, jeneza linafunguliwa tupu.